Lori Lililovuma Bila Ufunguo

Somanda,
Bariadi, Simiyu.
10 Machi 2025

Mpendwa kaka Joakim,

Mwangaluka, kaka. Naamini barua hii inakukuta mzima huko Tunduma, wewe na shemeji Philomena na mtoto. Nasikia baridi ya huko imekufundisha kuvaa makoti mawili, wewe uliyekuwa unaoga mtoni asubuhi ya Julai na kutucheka sisi wadogo zako tukitetemeka. Hapa sote ni wazima wa mwili. Mvua zilichelewa kidogo lakini pamba imeshika, na mahindi ya Flora, mjane wa marehemu Mayige, yamefika kifuani.

Pampu uliyoituma kwa basi imefika salama. Ni nzuri, tena kubwa kuliko ile ya mdogo wako Mayige. Ujumbe wako pia nimeusoma: kwamba lori lako jipya likija mwezi wa tano nilifungie pampu hiyo kama nilivyomfungia marehemu, na kwamba Jumamosi ya Pasaka utakuja mwenyewe, ukoo ukae, shangazi Kwandu aondolewe kwenye mji wa baba zetu. Uliyaandika kama mambo mawili, kaka. Kwangu mimi ni jambo moja, na tangu siku ile silali.

Ningekupigia simu, lakini najijua, ningenyamaza katikati. Karatasi hainipi pa kukimbilia.

Unakumbuka lile lori. Mayige alitoa injini ya zamani akaweka kubwa zaidi, yenye turbo, apate kubeba pamba nyingi kwenda kiwandani Maswa. Injini ile ikawa na njaa. Kila mlima inakosa mafuta, inazima. Ndipo tukafunga pampu ya umeme kwenye chasisi, isukume dizeli kutoka tangini.

Kazi hiyo naijua, hata vijana nawafundisha. Umeme wa pampu unapitia kwenye rilei, na rilei inatii ufunguo wa gari: ukizima gari, pampu nayo inanyamaza. Sikufanya hivyo. Mayige aliwaogopa madereva wake wa deiwaka, wale wa kukodiwa kwa siku, kwamba siku moja watamkimbia na lori. Akataka swichi ya siri nyuma ya kiti, ambayo bila kuiwasha gari halifiki mbali. Nikaunga dairekti, kutoka betri hadi swichi, na kutoka swichi hadi pampu. Ufunguo haukuwa na neno lolote hapo. Tulicheka sana siku ile kwa ujanja wetu. Tukakubaliana asijue mtu, hata Flora, na kweli tuliijua wawili tu.

Siku ya ajali aliyefika kwanza ni Josia, yule wa bodaboda. Alisimulia mwenyewe msibani, kabla wewe hujafika. Ilikuwa saa nane mchana. Lori limelala ubavu kwenye kona, Mayige amebanwa mguu lakini anaongea vizuri. Josia na wenzake wanne wakaanza kumvuta. Josia akachomoa ufunguo ili gari lizime kabisa. Injini ilikuwa imeshazima, lakini chini ya lori kulikuwa na kitu kinavuma, vuuu, hakikatiki, na ufunguo ameushika mkononi. Mmoja wao akasema, "Hili gari lina mkono wa mtu." Wakakimbia wote hadi barabarani. Mayige akawa anawaita, "Nyuma ya kiti! Nyuma ya kiti!" Josia anasema walidhani anawaonyesha kilichokuwa kimekaa nyuma yake.

Ni pampu yangu ile, kaka. Ilikuwa inamwaga dizeli kwenye bomba lililokatika, juu ya turbo yenye moto. Mafuta yakashika, pamba ikashika. Mengine unayajua, wewe ndiye uliyebeba jeneza.

Watu wakaanza kuuliza nani amelivumisha lori lisilo na ufunguo. Wakakumbuka kwamba wiki ileile shangazi Kwandu aligombana na Mayige, kwa kuwa Mayige alikataa kumpeleka hospitali kwa ajili ya macho yake, yale mekundu ya moshi wa kupikia. Basi, wakawa wamepata jibu: shangazi ndiye mchawi. Mimi nimekaa palepale kwenye turubai, jibu la kweli liko mdomoni, nikalimeza. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho hiyo sasa ina miezi minane.

Sauti ile siku ya ajali sikuisikia, ila sasa hainiachi, wala Mayige haniachi. Friji ya duka la jirani ikianza kuvuma, koleo linanidondoka. Nikipanda gari lolote natazama kwanza nyuma ya kiti. Wateja wanadhani nimeanza kunywa. Naogopa, kaka, na kuliko kuogopa naona aibu.

Jumapili baada ya misa nilimwendea shangazi. Siku hizi hakuna anayekanyaga kwake; maji anajichotea mwenyewe na macho yale, na watoto wamekatazwa kumwamkia. Nilibeba pampu yako na betri, nikaziunga uani mbele yake, ikavuma. Nikamweleza kila kitu kama nilivyokuandikia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nizime. Nilingoja laana, na ningeipokea. Akanishika mkono, akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, mimi nilishaanza kuamini kwamba ni mimi. Nakaa hapa najiuliza, nilimroga saa ngapi?"

Nililia pale uani kama mtoto, sikujali nani anapita.

Nakuomba uje Pasaka kama ulivyopanga, ukoo ukae. Mimi nitakaa mkeka mmoja na shangazi. Barua hii uisome wewe, kwa sauti, maana wewe ndiye mkubwa wetu. Nikisoma mimi watasema namkingia kifua. Flora nitamwambia kesho, kwa mdomo wangu. Mkiamua nami niuhame mji, nitauhama. Shangazi abaki.

Pampu yako imo kwenye boksi hilihili lililoleta barua. Tafuta fundi mwingine, na usimame naye mpaka uione rilei kwa macho yako.

Nisalimie sana shemeji Philomena, na mtoto wetu Malimi mwambie asome. Mungu akuongoze katika hili, na akufikishe nyumbani salama.

Shangazi Kwandu naye anakusalimu. Amenisisitiza nisisahau kuandika, na anauliza kama kile kifua chako kimepona.

Mdogo wako akupendaye, unitake au unikatae,

Januarius