Ambacho Picha ya Hekaluni Haikuonyesha

Chanthaburi, Thailand

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti laendeleaje? Natumai mama bado anakunyima chumvi kama daktari alivyosema. Mimi mzima, alhamdulillahi, na mikono imeshaizoea kazi ya kukata vito. Juzi nimepewa jiwe lililotoka kwetu, bonde la Umba, nusura niliulize habari za nyumbani.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei tangu kaka Hamisi akuonyeshe ile picha niliyomtumia, nimesimama mbele ya sanamu la Buddha aliyelala. Hamisi kaniambia ulisema, "Si niliwaambia miye? Mwana keshapotea." Baba, sijapotea. Nisikilize kwanza, kisha uhukumu.

Aliyenipeleka ni Mama Malee, mwenye nyumba wangu, mjane asiye na mtoto. Siku ya mapumziko hataki kuniona ndani. Alinipakia kwenye pikipiki yake, tukaanza na jela ya zamani waliyoijenga Wafaransa karibu na bahari. Ni kijumba cha matofali tu. Wanasema wafungwa walikaa chini na kuku wakafugwa juu, na vinyesi vya kuku vikawashukia wafungwa vichwani. Nilicheka hadi machozi. Wajerumani wetu walau walituachia majengo ya kuweka ofisi.

Ndipo tukaenda hekaluni. Viatu vinavuliwa mlangoni, kwa hiyo hapo sikuwa mgeni. Sanamu lenyewe ni refu kuliko nyumba yetu ya Chumbageni ukiunganisha na ya jirani, limelala ubavu, linatabasamu kama mtu aliyeshiba pilau. Watu wakasujudu, mimi nikasimama kando nikishangaa, Mama Malee akanipiga picha. Hiyo ndiyo uliyoiona.

Mara akatokea mtawa mzee, kajitanda shuka la rangi ya zafarani. Mimi, mtoto niliyelelewa Tanga, nikaukimbilia mkono wake nimwamkie. Akaruka nyuma kama kaona nyoka. Kumbe watawa hawaguswi na wanawake. Niliona haya, Baba, we acha tu. Nilikuwa nimebeba matunda, shokishoki, nikataka kumzawadia, basi mzee akatandaza kitambaa mezani, nikaziweka juu yake, naye akakivuta upande wake huku akicheka. Nikakukumbuka wewe unavyofunika kiganja kwa kanzu wanafunzi wako wa kike wakija kukuamkia madrasa.

Adhuhuri ikaingia. Mama Malee akamnong'oneza mzee, naye akanionyesha kibanda cha nje kisicho na sanamu. Nikatandika kanga nikaswali. Mahekalu ya huku yana mbwa wengi, na Mama Malee nilishamwambia habari zetu na mbwa. Nilipotoa salamu nikamkuta amekaa juani na kifimbo, anawafukuza wasinisogelee. Nilifurahi mno siku ile.

Wewe mwenyewe husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi ukinitilia shaka mimi, unaitilia shaka kazi yako.

Nisalimie mama, na shangazi wa Mabawa, mwambie kanga yake ndiyo niliyoswalia. Hamisi naye msalimie, ingawa mdomo wake hauna mlango.

Ijumaa ukitoka msikitini nitapiga. Kama bado una hasira, usiseme neno. Pokea tu, nikusikie unavyokohoa.

Mwanao akupendaye,
Zuhura