Povu Lisilo na Mukuba

Baba,

Tulikuzika Jumamosi, hapa hapa Houston, na mimi sikulia. Wamama wa kanisa la Alief wamelisema sana: "Binti yake wa kwanza, macho makavu!" Mama anasema niwaache waseme. Lakini naye ananitazama.

Sisikii kitu, Baba. Nakula, naendesha gari, nafika kiwandani. Nikiulizwa nimekula nini, sijui.

Unakumbuka siku ile walipofungulia familia zetu kiwanda? Nilikupeleka mpaka kwenye pipa kubwa tunamosafishia magazeti na vitabu vya simu vilivyokwisha kazi, viwe karatasi mpya. Hukuhitaji kuelezwa: maji, sabuni, hewa inapulizwa chini, povu linapanda. Ndiyo kazi uliyoifanya kwetu Likasi tangu ujana, ila kule povu lilibeba mukuba, shaba yenyewe, na mchanga ukabaki chini. Hapa linabeba wino tu. Ulipoona linakwanguliwa likatupwe, ukapiga kelele: "Weee! Munatupa mali!" Ukaingiza mkono, ukachota povu kiganjani, ukalisugua kwa kidole gumba, ukaligeuza kwenye mwanga kutafuta mng'aro. Mkono ukabaki mweusi tititi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe ulinuna njia nzima. "Povu halitupwi," ukasema. "Watu wa hapa hawajui kazi."

Leo wamenipa mfanyakazi mpya nimfundishe, mama mmoja Mkenya aliyehamia huku kutoka Arlington. Akauliza povu hili ni la nini. Jibu lake ni jepesi, nimewapa wengi: ni uchafu, liache liende. Baba, mdomo ulikataa. Nikasimama tu, mashine zinanguruma.

"Dada, uko sawa?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Nimefiwa na baba yangu." Tangu ulipoondoka, wengine ndio walikuwa wakinisemea. Mimi mwenyewe nilikuwa sijalitamka.

Alinishika mkono kwa glavu zake zile zenye maji. Machozi hayakuja. Lakini kiliniuma kifua, Baba, kiliniuma kwelikweli, na nikashukuru, maana nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba nimekufa nawe.

Basi lala, Baba yangu. Mama tutamtunza. Na mimi nitakulilia, nakuahidi. Nivumilie kidogo.

Binti yako