Nipo Mahali Pake

Jumapili, 19 Julai 1998

Ibada hakuna. Mchungaji amepita barabarani na baiskeli akipiga kengele, anatangaza kila nyumba isali kivyake mpaka kipindupindu kiishe. Shule walishaifunga. Darasa langu limekuwa kambi ya wagonjwa, madawati yamerundikwa nje yanalowa umande. Redio inasema ugonjwa uko nchi nzima, na Malawi, na Msumbiji. Kwa hiyo hata pa kukimbilia hatuna.

Hapa nyumbani tumebaki wawili tu, mimi na baba mkwe. Mama mkwe alivuka Kasumulu kwenda Karonga kumwona wifi aliyejifungua, sasa mpakani wanarudisha watu. Mwanangu Lusungu yuko chuoni Iringa. Nimemwandikia asithubutu kuja.

Wawili—na hatuonani! Tangu niolewe sijawahi kumtazama baba mkwe usoni, wala kumsemesha, wala kutaja jina lake. Hata humu daftarini sijawahi kuliandika. Ndivyo tulivyofundwa. Walimu wenzangu wananicheka, wanasema hayo yalishapitwa na wakati, tena wewe Hosiana umesoma. Ni kweli, wengi wameacha. Lakini Mzee ni mtu wa zamani na mimi ni mke wa mwanawe, basi. Akitaka kutoka anakohoa, nami nikisikia kikohozi naingia jikoni. Chakula naweka kizingitini kwake, nagonga sufuria kwa mwiko, naondoka. Ujumbe ulikuwa unapelekwa na mama mkwe. Sasa tunamtegemea jirani yetu Angetile, ambaye mdomo wake hauna breki.

Jumamosi ni Siku ya Mashujaa. Sijui itakuwaje.

Jumanne, 21 Julai

Leo amekuja bwana afya na ndoo yake ya klorini. Amesimama mbali, karibu na migomba, akasoma marufuku. Hakuna mikusanyiko. Hakuna kupeana mikono. Hakuna kunawa beseni moja. Hakuna kula sinia moja. Nikawa nasikiliza. Yaani ni kama kuna mtu alimweleza yote tunayomfanyia marehemu Lugano, naye akayapiga marufuku moja baada ya jingine!

Maana siku ya mume wangu ndivyo ilivyo. Mchele mpya, jogoo, sinia moja, wanaume wote wa hapa Busale wananawa beseni moja. Kabla hawajala, Lazaro anasimama katikati ya uwanja. Huyu Lazaro alikuwa sajenti, alirudi kutoka vita vya Uganda na mguu mbovu lakini alirudi. Anapiga saluti, anaita, ‘Koplo Lugano!’ Na baba mkwe anajibu, ‘Nipo mahali pake.’

Yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha. Mwaka ule vijana walipopokelewa kutoka vitani, tulikusanyika uwanjani Kyela. Wakaitwa mmoja mmoja. Kwa Lugano pakawa kimya. Sanduku halikuletwa, kaburi hatuna, barua tu. Ndipo mzee mmoja akatoka kwenye umati na koti lake la ibada, akaenda kusimama kwenye mstari wa wanajeshi, akaitika. Mimi nilikuwa nyuma ya wanawake, Lusungu mgongoni, khanga usoni. Nililia mpaka nikaketi chini.

Tangu hapo kila mwaka nasimama nyuma ya jiko, mkono ukutani, nasubiri neno hilo. Ndiyo kumbukumbu yangu. Wengine wana kaburi la kupalilia. Mimi nina sauti ya mzee nisiyeruhusiwa kumwona.

Jioni Angetile kapaza sauti kutoka ng’ambo ya barabara. Anasema Mzee kamwambia Jumamosi iko palepale. Nikamuuliza, sasa nani atamwita, na Lazaro haruhusiwi kuja? ‘Mwe! Atajiita na kujiitikia mwenyewe,’ akasema, ‘kwani jogoo anasaidiwa na nani?’ Tukacheka sana. Baadaye nikaona vibaya.

Alhamisi, 23 Julai

Wamemchukua Yohana, mume wa Angetile. Machela, chokaa mlangoni, na Angetile kaambiwa asitoke kwake. Nimemwita kwa mbali. Hajajibu. Yule ambaye hata wakati wa kuomba lazima aongee!

Na sasa sina wa kunisemea kwa Mzee.

Tatizo ni maji. Mimi nachemsha, natia dawa, naweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, naiacha kizingitini. Asubuhi nilikuwa jikoni nikachungulia. Mkono wake ukatoka, ukachukua ile ndoo, ukaimwagia migomba! Yote! Najua kwa nini. Yananuka moshi na dawa. Yeye anataka maji ya mtungi wake, ule uliofinyangwa Ikombe, mweusi kwa chini, unaokaa barazani kwake. Maji yake baridi hayana mfano. Lakini ni ya mtoni, aliyachota mwenyewe.

Nifanye nini? Barazani kwake sikanyagi. Kumwambia siwezi.

Nikamkamata kuku. Nikasimama naye nyuma ya jiko, nikamfokea kwa sauti ya darasani: ‘We kuku! Maji ya mtungini ni ya kuogea! Usiyanywe! Ya kunywa ni ya ndoo, yamechemshwa! Unasikia?’ Kuku akapiga kelele. Halafu nikasikia Mzee anacheka kidogo. Nikafurahi, nikasema amesikia.

Mchana kata ya kuchotea iliyo juu ya mtungi ilikuwa inadondosha maji.

Ijumaa, 24 Julai

Mchele nimepepeta. Jogoo nimemfunga mguu. Sijui namfunga wa nini, wa kumla ni nani.

Lazaro kapita barabarani, hakusogea. Kasema kaomba ruhusa aje peke yake, asimame tu na kuita, akakataliwa. Aliona aibu kama vile kosa ni lake. ‘Mwambie Mzee nitaitia kwangu,’ akasema. Nimwambieje?

Chakula cha jioni nimekikuta hakijaguswa.

Jumamosi, 25 Julai. Siku ya Mashujaa

Hakukohoa.

Nilichota maji, nikafagia, nikawasha moto, sikio liko kwake. Jua likatoka. Hakukohoa. Nikagonga sufuria kwa mwiko. Nikagonga tena. Nikajiambia amelala, mzee amechoka. Lakini nilikuwa najua. Nimeuona ugonjwa huu kwa watoto wangu wa darasani.

Nikajifunika khanga mpaka machoni, nikapanda baraza. Mlangoni nikasimama. Ee Kyala, Mungu wangu, mlango tu wa mtu!

Alikuwa chini, kwenye mkeka. Sitaandika yote. Hakuwa amefika chooni, na alikuwa amevaa lile koti la ibada, amejiandaa kwa ajili ya siku yake. Aliponisikia akavuta blanketi akajifunika uso. Mkono ukatoka, uleule wa ndoo, ukanipungia, nitoke. Ngozi ya vidole imekunjamana.

Nikakimbilia barabarani. Nikamtuma mtu mwenye baiskeli kambini. Akarudi na majibu: gari ni moja na liko Ipinda, likirudi litakuja. Wamesema nimpe maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, akitapika nimpe tena, nisiache. Nikiacha hatafika kulikuta gari.

Nikachanganya. Nikaingia, macho chini, nikaweka kikombe karibu na mkono wake. Akakisukuma. Nikakijaza tena. Akafunga mdomo chini ya blanketi. Halafu akauambia ukuta: ‘Nife tu. Mke wa mwanangu hawezi kuniosha.’

Miaka yote hii, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza nikiwa mbele yake. Tena kauambia ukuta.

Nikatoka. Nilikasirika, naandika wazi. Nilikasirika nikataka kutupa kikombe. Wewe una heshima yako, na mimi je? Ukiondoka wewe nani atamwitikia Lugano? Nitasimama nyuma ya jiko nisikilize nini? Mmoja nilishanyang’anywa bila hata kumzika. Nikawa nalia palepale uwanjani, jogoo ananitazama na kamba yake mguuni.

Ndipo nikaona niliposimama. Ni pale pa Lazaro.

Sikufikiri sana. Ningefikiri nisingefanya, maana hakuna mwanamke aliyewahi kuita. Lakini jina la mume wangu sijakatazwa. Nikabana visigino kama ninavyowaonyesha watoto mstarini, nikapiga saluti—mkono wenyewe sijui kama ulikuwa sawa—nikaita.

‘Koplo Lugano!’

Kimya. Ng’ambo ya barabara nikamwona Angetile kasimama mlangoni kwake, ndani ya mstari wa chokaa, mikono kichwani.

‘Koplo Lugano!’

Kimya. Nikasema basi. Nimechelewa.

‘Koplo Lugano!’ Hii ya tatu haikuwa ya kijeshi. Ilikuwa kama nilivyokuwa nikimwita zamani chakula kikiwa tayari.

Na ndani ikatoka sauti, nyembamba, imekauka: ‘Nipo... mahali pake.’

Nikaingia na kikombe. Khanga ilishaanguka, sikuirudisha. Nikapiga magoti nikasema, ‘Kama upo mahali pake, baba, basi kunywa mahali pake. Lugano angekunywa. Angekunywa kwa mkono wangu.’

Blanketi likashuka. Polepole.

Ana macho ya Lugano. Hakuna aliyewahi kuniambia! Yaleyale, na lile la kushoto limelala kidogo. Nimekaa katika nyumba hii tangu ujana wangu na macho ya mume wangu yalikuwa humu ndani, ng’ambo ya ukuta wa jiko.

Akafungua mdomo.

Mchana

Gari bado.

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni kwake, daftari gotini, nisije nikasinzia. Ametapika, nikampa tena. Ametapika, nikampa tena. Nimemvua koti, nimemwosha kwa maji ya klorini, nimemfunika shuka langu. Wakati namwosha alilia bila sauti, na mimi nikamsimulia habari za Lusungu, chuo, mitihani, chochote kile, ili tusisikilize maji. Mtungi wa Ikombe nimeumwaga. Nimeuinamisha ukutani, ukauke.

Angetile ameita kutoka kwake anauliza vipi. Nikamjibu anakunywa. ‘Ndaga fijo, asante sana,’ akasema. Kwa Yohana hajaletewa habari.

Mikono ya Mzee bado baridi. Mapigo yapo, hayapo, yapo. Sijui kama ninachofanya kinatosha.

Amekohoa.

Kile chenyewe, cha kila siku, cha kusema natoka, jifiche. Nimemtazama. Naye ananitazama, anasubiri niondoke kama ilivyo desturi, au anasubiri nione kwamba bado ana nguvu ya kukohoa. Sijui. Nimebaki nimekaa.

Amekohoa tena. Naweka kalamu nichukue kijiko.