Scola Hakudanganya

Majengo, Mpanda
Jumanne, 12 Mei 1998

Mpendwa dada Natalia,

Salamu nyingi zikufikie hapo Usevya wewe, shemeji Fabiani na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Ndege wamewaachia mpunga wowote mwaka huu? Mimi mwili mzima, ila raha sina. Barua hii nimempa Anselmo wa lori aikabidhi mkononi mwako, maana posta itachelewa.

Dada, Scola hakudanganya. Alipowaambia kwamba Sista Séverine amempokea kwenye mafunzo ya uuguzi, alisema kweli tupu. Kwenye karatasi ambayo Sista aliiandika kwa mkono wake, mwanao ni wa saba. Jina lilipotea kwenye kompyuta, mikononi mwangu mimi mdogo wako.

Unajua ile mashine tuliyoletewa ofisini Januari, nami nikajitia fundi baada ya kufundishwa siku tatu. Ndani ina mahali pa kushikilia maneno. Ukitaka kuhamisha kitu unakikata, kinatoweka machoni, mashine inakushikia, halafu unakibandika unapotaka. Nilikuwa nimemweka Scola kwa makosa kundi la Mpanda, nikamkata nimpeleke kundi la Usevya. Kabla sijambandika, Sista akaniita kutoka chumba cha pili kwamba juu hakuna tarehe. Nikafungua barua nyingine mlemle kwenye mashine, nikanakili tarehe yake, nayo mashine ikaishika. Niliporudi kumbandika Scola, ikatoka tarehe! Nikafuta, nikabandika tena, tarehe tena. Mimi nilidhani vitu hukaa humo kama nguo sandukuni, cha chini kipo tu. Kumbe wapi! Celestin, mwalimu aliyekuja wiki iliyopita kutoka Tabora, ametuambia inashika kitu kimoja tu. Ukiweka cha pili, cha kwanza kimekwenda. Siku ile jenereta lilikuwa linakohoa, mafuta yanaisha, nikajisemea jina litakuwa limerudi lenyewe lilikotoka. Nikachapa. Sista akasaini bila kusoma, kwa kuniamini.

Barua yako ya Pasaka ninayo hapa mezani. Umeniandikia jinsi shemeji alivyomsimamisha Scola mbele ya jumuiya, rozari ilipokwisha, aombe radhi kwa kuwadanganya wazazi na kumsingizia Sista. Kwamba alikataa, kisha akaomba kwa sababu wewe ulikuwa unalia. Kwamba tangu siku hiyo analala kwenye kibanda cha shamba akiamia ndege wasile mpunga, na hasemi na mtu. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Sasa dada, kaa chini. Hayo ya kompyuta ni ujinga, na ujinga ningesamehewa. Lakini Machi, siku ya pili baada ya majina kubandikwa mlangoni, Scola alikuja ofisini. Miguu vumbi tupu. Akaniambia shikamoo mama mdogo, akaniomba nitazame vizuri, maana Sista alimwahidi kwa mdomo wake. Nikatazama, nikakumbuka palepale. Karatasi ya Sista ilikuwa kwenye faili, hatua mbili kutoka nilipokaa. Nikaogopa kuonekana sijui kazi, nikaogopa kurudishwa kijijini. Nikamwambia hakuchaguliwa, na asiende kumsumbua Sista. Akanishukuru, dada. Akanishukuru, akaondoka! Nami nimenyamaza miezi miwili, hata baada ya barua yako.

Jana nimemweleza Sista yote. Akasema msichana mmoja ameacha nafasi yake, Scola afike Jumatatu asubuhi na cheti chake. Mimi nikabidhi funguo Ijumaa. Usinihurumie.

Nakuomba jambo moja tu. Usimwambie Scola pembeni, jikoni, kwa kunong'ona. Alhamisi jumuiya ikikutana, shemeji aisome barua hii kwa sauti mbele ya watu walewale, Scola akiwepo, tangu salamu mpaka jina langu. Nikijua shemeji alivyo, atataka kuruka pale nilipomkataza mtoto asimsumbue Sista, ili kunisitiri. Asiruke.

Wape salamu wote nyumbani, na mama mkwe wako nampa shikamoo. Scola sithubutu kumsalimia kwenye karatasi.

Ni mimi mdogo wako, niliyedanganya,
Agatha