Picha Nilizoongeza Katikati

Apiyo dada yangu,

Meza yako bado iko karibu na dirisha. Bwana Jivan ameniambia niihamie kwa sababu ina mwanga mwingi kuliko yangu. Nimemwambia nitahamia, na sijahamia.

Unakumbuka siku ya kwanza tulipofika pale studio? Tulikuwa na vyeti vyetu vya shule ya misheni, tukidhani Bwana Jivan anatafuta makarani. Badala yake alishika rundo dogo la karatasi, zote zimechorwa mama yule yule mwenye mtungi kichwani, akaziachia upesi moja moja kwa kidole gumba, na yule mama akapiga hatua. Uliruka nyuma. "Yawa! Ametembea!" Mimi niliipenda kazi ile papo hapo, kwa sababu haikumtaka mtu azungumze.

Tulikuwa wanne tu. Odhiambo alichora hatua inapoanzia na inapoishia. Mimi nilichora picha za katikati. Wewe ulizinakili kwa wino juu ya seluloidi, zile karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, ukazipaka rangi kwa nyuma na kuzianika. Kisha Bwana Jivan alizipiga moja moja kwa kamera. Hakuna aliyeweza kumruka mwenzake. Odhiambo alipougua jino, sote tuliugua jino. Ndiyo maana ratiba ilibandikwa ukutani, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa safi, nikapewa mimi kuiandika.

Kila asubuhi, kabla hujafungua kitambaa cha kichwani, uliniita dada kwa Kiluo, ukaniuliza, "Nyaminwa, leo umenipikia ngapi?" Nikikupa picha chache ulisema tutalala njaa. Nikikupa nyingi ulilia, "Unataka kuniua, wewe binti wa mwalimu?" Hukujua kwamba ni wewe peke yako uliyenitania. Tangu utotoni watu wameniheshimu na kuniacha. Mchana tulikula nyuma ya studio, ugali baridi na omena, wewe ukisema maneno ya watu wawili, nami nikishiba.

Halafu akaja Mama Auma, yule mwuza vyungu kutoka kwenu Sondu. Alisimama mlangoni, miguu yote matope, akakwambia, "Apiyo, bibi yako hatoki tena kitandani. Anasema yeye hajui kuhesabu picha. Anahesabu asubuhi. Uende."

Bibi huyo ndiye aliyekulea. Bwana Jivan hakuwa mkali, alikuomba tu umalize safari ya mama wa mtungi kutoka ziwani mpaka nyumbani, kisha uende ukae kwenu utakavyo. Hakuna mwingine aliyejua kuzipaka zile picha. Ukanigeukia. "Ratiba inasemaje?"

Ilisema siku tano. Niliiandika mwenyewe.

Nikasema, "Na mvua hizi, rangi haikauki. Labda siku kumi na mbili."

Hukwenda ukutani kutazama. Uliniamini mimi kuliko ukuta. Kesho yake nilifika mapema kabla yenu nikabandika karatasi mpya. Na ili uwongo wangu uwe kweli, kila mahali Odhiambo alipotaka picha sita katikati, mimi nilichora kumi na mbili. Ulikuwa ukipokea rundo lako zima kila asubuhi, ukainama na kalamu ya wino, ukiharakisha ili umwahi bibi, na kadiri ulivyoharakisha ndivyo nilivyokuongezea. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba ukienda Sondu hutarudi, na hakuna atakayeniuliza nimepika ngapi.

Ulipanda basi siku ya kumi na tatu. Ulifika watu wakichimba kaburi.

Wiki iliyopita Bwana Jivan alitundika shuka, akafunga madirisha mchana, tuitazame filamu. Mama Auma alikuwa ameleta barua yako, akakaribishwa aketi nasi. Mama wa mtungi akatoka ziwani. Akatembea. Akaendelea kutembea.

"Huyu naye!" Mama Auma akacheka. "Nyumbani kwake kuna nini hataki kufika? Maji yataota majani kichwani!"

Bwana Jivan alicheka pia, lakini Odhiambo hakucheka. Madirisha yalipofunguliwa alichukua karatasi zangu akazihesabu, akaja mezani kwangu.

"Nilikuandikia sita."

"Ndiyo."

"Hizi ni kumi na mbili. Kila hatua." Akaitazama meza yako. "Apiyo anajua?"

Nikazivuta karatasi zangu nikazipanga upya. Tangu hapo ananipa kazi bila salamu, na sitaki anisalimie.

Sasa tunaipiga filamu upya. Mimi ndiye ninayezitoa zile zilizozidi. Kila ninapoinua seluloidi naona ukingo wa kidole chako kwenye rangi, mahali ulipogusa kabla haijakauka. Nimejaza sanduku. Jana Bwana Jivan alinionyesha zilizobaki, na mama anatembea vizuri, mgongo umenyooka, anafika kwake bila kuchelewa. Odhiambo alisema, "Hivyo ndivyo ilivyotakiwa," akatoka. Nilibaki peke yangu na kamera.

Katika barua yako umeandika, "Usinihurumie sana, nyaminwa. Kazi ndiyo iliyonishika, na kazi haina uso mtu akaulaumu." Nimeyasoma maneno hayo hadi siwezi kuyasoma tena. Ni maneno ya mtu mwema, na mimi ndimi ninayefaidika nayo.

Apiyo, ina uso. Ulikula nao kila mchana.

Sikuombi msamaha, wala sikuombi jibu. Nakuomba uache kuilaumu kazi. Kazi ilikuwa tayari kukuachia siku ya tano.

Ubaki na amani huko kwenu, kama bado ipo.

Ni mimi,
aliyekuwa dada yako