Kibuyu Kilichosahau Kazi Yake

S.L.P. 41,
Roret.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa wifi yangu Cheptoo,

Pokea salamu kutoka huku kwenye mvua. Natumaini umeamka vyema huko Kanada, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuwainua wagonjwa umetulia. Sisi hatujambo. Kaka yako Weldon anarudi na lori la majani ya chai akiwa na matope hadi kwenye nyusi. Mtoto ameota meno mawili ya juu na sasa anatuuma sote bila ubaguzi.

Mama yuko salama. Nakuambia hilo mapema usije ukasoma barua hii kwa hofu.

Ningeweza kupiga simu, lakini simu ya nyumba hii husikilizwa na kila aliye sebuleni, na ninalotaka kusema siwezi kulisema Mama akinitazama.

Shule zimefunguliwa. Nina watoto sitini na watatu wa Gredi ya Nne. Kabla sijawafikia nimeshakamua ng'ombe wawili, na siku za kuchuma nimeshajaza nusu kikapu, kwa hiyo naandika ubaoni kwa vidole vilivyotiwa weusi na chai. Zamani watoto walicheka. Waliacha wenyewe, mama zao wana vidole hivyo hivyo.

Jumapili iliyopita ulimwuliza Mama kama kile kibuyu cha nyanya yenu bado kipo, kile anachogandishia mursik, maziwa ya mgando. Ulisema siku utakayofika, Desemba, hutaki kuonja kitu kingine kabla ya maziwa yake. Mama akakujibu kwamba kilimponyoka, mikono imezeeka. Ukasema, pole Mama. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, namnyonyesha mtoto.

Cheptoo, hakikumponyoka. Nilikiharibu mimi.

Ilikuwa Juni. Siku hiyo nilikuwa nimefundisha usafi wa vyombo, nikarudi nyumbani somo bado limo kichwani. Kibuyu kilikuwa jikoni, cheusi ndani kwa mkaa, na mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuonja maziwa ya ng'ombe. Nilijiambia nafanya kwa ajili yake. Mimi nililelewa nyuma ya duka la baba yangu pale Sotik. Maziwa niliyoyajua ni ya pakiti. Miaka mitatu nilimwona Mama akikisugua kibuyu kile kwa kijiti kilichochanwa ncha, kisha akikichoma ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, na sikuwahi kumwuliza sababu. Nilidhani naijua: sabuni haikuwahi kufika jikoni mwake. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikasugua hadi maji yakatoka meupe, nikakianika juu ya bati kwenye jua kali.

Mama aliporudi kutoka kituo cha majani alikiteremsha, akakinusa. Nikamwambia kwa furaha, naam, kwa furaha, "Mama, leo nimekusaidia."

Alikaa kwanza. "Mwalimu," akasema, "hii umeosha mpaka imesahau kazi yake."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Alijaribu kukirudisha. Alikichoma upya, akatia maziwa, akangoja. Siku ya nne maziwa yalitoka yakinuka sabuni. Alimpa mbwa, na mbwa akaondoka. Wiki hiyo hiyo ufa ulioanzia mdomoni mwa kibuyu ukashuka hadi tumboni. Hakunigombeza. Jirani yetu Yunia alipokiona, aliniangalia mimi, kisha akamwuliza Mama, "Si ni huyu msichana wa duka amekuvunjia?"

"Nimeangusha mwenyewe," Mama akamjibu. "Ama umekuja kuniambia nimezeeka?"

Yunia akacheka, mambo yakaisha. Tangu siku hiyo huo ndio uongo wake, na sasa umefika mpaka Kanada.

Baadaye Weldon aliniambia kwamba kibuyu kile Mama alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, na kwamba alikuwa akingoja tu nimalize kunyonyesha anikabidhi. Basi nilikiosha kikiwa karibu kuwa changu. Nikiwa darasani nasema kila siku kwamba asiyeuliza hajifunzi, na siku hizi neno hilo nalisema nikiwa nimewapa watoto mgongo.

Ulipokata simu nilimwuliza kwa nini amekudanganya hata wewe. Alikuwa akichambua mboga, hakuinua kichwa. "Cheptoo ni mtoto wangu, mimi atanisamehe hata leo. Wewe hajawahi kukuona. Sitaki akujue kwanza kwa hiyo."

Nimelifikiria neno hilo wiki nzima. Ni kweli hujawahi kuniona. Lakini sitaki pia unijue kwanza kwa kunyamaza kwangu.

Mama amenitafutia kibuyu kipya. Nimekiloweka wiki tatu kukiondolea uchungu, na kila Jumamosi nakichoma, yeye amekaa kwenye kiti chake akinitania: "Punguza nguvu, mwalimu, hiyo si ubao." Maziwa ya kwanza tuliyamwaga. Ya pili alinywa nusu kikombe, akapangusa mdomo, akasema, "Inakuja."

Haitakuwa imefika kufikia Desemba. Kibuyu cha nyanya yenu kilihitaji miaka mingi kuliko umri wangu. Ukishuka kwenye gari utaniona mlangoni na kikombe, na maziwa yatakuwa na uchungu kidogo. Usimwangalie Mama. Niangalie mimi, halafu unywe unachoweza.

Weldon anakusalimu. Mama pia, ingawa hajui nimeandika. Kipngetich, mjomba wako, anauliza kama huko mna ng'ombe au mna theluji tu. Mungu alinde mgongo wako na safari yako, akufikishe ukiwa na kiu.

Wako akupendaye, ingawa hatujaonana,
Cate Wanjuhi.