Koti la Kijani Dirishani

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako imefika, nami nimefurahi kusikia goti lako limepata nafuu. Huku Krismasi imekaribia na madirisha ya maduka yamepambwa. Unakumbuka nilivyokusimulia kwamba mimi na wifi yako tulizoea kuyazungukia kila mwaka, naye akiyakosoa kama mkaguzi: "Malaika gani huyu? Amekaa kama anangoja kung'olewa jino."

Mwaka huu nimezunguka peke yangu. Kwenye duka la mitumba la mtaani kwetu, sanamu ya dirishani ilikuwa imevalishwa koti la kijani la wifi yako. Ni lake hasa. Kifungo cha tatu nilikishona mwenyewe kwa uzi mweusi. Mimi ndiye niliyelipeleka pale, nikidhani likitoka nyumbani nitapata usingizi.

Niliingia kuliomba. Muuzaji akaniambia kwa upole, "Babu, vya dirishani haviguswi mpaka sikukuu ipite. Unamtafutia bibi zawadi?"

"Ndiyo," nikajibu.

Basi nikawa nakwenda kila asubuhi kusimama nje ya kioo. Jana nilikuta sanamu imevuliwa. Binti wa zamu nyingine hakuwa na habari, alikuwa ameliuza kwa mpita njia.

Mdogo wangu, wifi yako alifariki mwaka juzi, mwezi wa tatu. Salamu zake zote tangu hapo nimezitunga mimi, kwa kuwa kwako alikuwa bado mzima.

Ukijibu, usimsalimie.

Kaka yako